Anjina: Dawa inayotuliza kifua siyo inayorefusha maisha

MAUMIVU huanza katikati ya kifua, mara nyingi mtu anapopanda ngazi, anapokimbilia daladala au anapokasirika. Hubana mithili ya mkanda uliokazwa, au hulemea kana kwamba gunia limewekwa kifuani. Yanaweza kusambaa hadi begani, kwenye mkono wa kushoto, shingoni au kwenye taya. Akisimama na kupumzika kwa dakika chache yanatoweka, naye huendelea na safari yake akiamini kuwa ilikuwa gesi.

Huo ndio ugonjwa ambao madaktari wanauita anjina. Wengi wanaoupata huanzia duka la dawa, ambako hununua dawa za vidonda vya tumbo, na miezi hupita kabla hawajafika kwa daktari wa moyo. Wanapofika huandikiwa dawa nne, tano au hata sita kwa wakati mmoja. Hapo huanza tatizo la pili, kwani mgonjwa hajui ipi kati ya hizo inafanya kazi gani.

Kutojua huko kuna gharama. Mgonjwa huendelea na dawa anayoona inamwondolea maumivu na huziacha zile ambazo haoni zikimfanyia chochote. Kumbe miongoni mwa hizo anazoziacha ndimo zilimo dawa zinazomkinga na shambulio la moyo.

Moyo wa binadamu hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Ni pampu, lakini pia ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji kulishwa. Damu inayoulisha haitoki ndani ya vyumba vyake bali hupitia mishipa maalumu iitwayo koronari, ambayo imeuzunguka kwa nje. Mafuta yanapojijenga katika kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia ya damu hupungua.

Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inayopita hutosha. Anapofanya kazi moyo hudai oksijeni zaidi, lakini mshipa uliosinyaa hauwezi kuipitisha. Msuli hubaki na njaa, na maumivu ndiyo sauti ya njaa hiyo.

Ipo sababu inayoufanya moyo uathirike haraka kuliko viungo vingine. Misuli ya miguu, kwa mfano, wakati wa mapumziko huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo kwenye damu, hivyo ina akiba ya kutumia kazi inapoongezeka. Moyo huchukua karibu asilimia 70 ya oksijeni inayouletewa hata pale mwenye moyo huo anapokuwa amelala usingizi. Hauna akiba. Ukihitaji zaidi hauna njia nyingine ila kuletewa damu nyingi zaidi.

Kutokana na hali hiyo, dawa zote zinazotuliza anjina hufanya moja kati ya mambo mawili, au yote kwa pamoja: huongeza damu inayoufikia msuli wa moyo, au huupunguzia moyo kazi. Sehemu kubwa ya nafuu hutokana na hilo la pili, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii.

Daktari wa Uingereza, William Heberden, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1768, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1772. Hakuwa na tiba ya maana zaidi ya mapumziko, joto, vileo na afyuni. Hata hivyo, alitaja mgonjwa mmoja aliyejipangia kupasua kuni kwa msumeno nusu saa kila siku na akakaribia kupona kabisa. Leo madaktari wanawashauri wagonjwa wa anjina iliyotulia wafanye mazoezi ya kiasi, kwa mwongozo wa daktari.

Dawa ya kwanza iliyofanya kazi kweli ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1847, mkemia wa Italia, Ascanio Sobrero, alitengeneza kimiminika kilicholipuka kwa nguvu ya kutisha. Alipoonja kiasi kidogo tu, kichwa kilimuuma vibaya. Kimiminika hicho ni nitrogliserini, ambayo baadaye Alfred Nobel wa Sweden aliitumia kutengeneza baruti. Mwaka 1879, daktari William Murrell wa London alieleza namna nitrogliserini, ikitolewa kwa kiwango kidogo mno, inavyoondoa maumivu ya anjina.

Nobel mwenyewe aliugua moyo. Mwaka 1896, miezi michache kabla ya kufariki dunia, madaktari walimwandikia nitrogliserini, naye akamwandikia mwenzake barua akistaajabia kejeli hiyo ya maisha. Haikujulikana wakati huo dawa hiyo inafanyaje kazi. Jibu lilipatikana karibu karne moja baadaye, na mwaka 1998 wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo yenye jina la Nobel huyo huyo kwa ugunduzi uliolifumbua fumbo hilo.

Waligundua kuwa kuta za mishipa ya damu huwasiliana kwa kutumia gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hiyo huiamuru misuli laini iliyomo katika kuta za mshipa ilegee, na mshipa ukapanuka. Nitrogliserini ikiingia mwilini hutoa gesi hiyo.

Wengi hudhani kwamba dawa hiyo huufungua mshipa wa moyo uliosinyaa. Hufanya hivyo kwa kiasi, lakini kazi yake kubwa iko mbali na moyo, kwenye mishipa ya vena inayorudisha damu moyoni. Mishipa hiyo ikilegea, damu nyingi hubaki ndani yake, na ile inayorudi moyoni hupungua. Moyo ukipokea damu kidogo haulazimiki kutanuka sana wala kusukuma kwa nguvu, mahitaji yake ya oksijeni yanashuka na maumivu yanakoma. Ni sawa na mchukuzi aliyepunguziwa mzigo badala ya kuongezewa chakula.

Nitrogliserini huwekwa chini ya ulimi, na haimezwi. Sababu ni kwamba kila kinachomezwa hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini huiharibu karibu yote. Utando wa chini ya ulimi huipitisha moja kwa moja kwenye damu, na nafuu huanza ndani ya dakika moja hadi tatu. Mgonjwa anayekimeza kidonge hicho kwa maji, kama anavyomeza dawa ya kichwa, atasubiri nafuu isiyokuja.

Aidha, inashauriwa mgonjwa aketi kabla ya kuitumia, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka na anaweza kuanguka akiwa amesimama. Kuumwa kichwa na uso kuwaka moto ni mambo ya kawaida. Iwapo maumivu hayajapungua dakika tano baada ya kidonge cha kwanza, au yanazidi, hiyo si anjina ya kawaida tena na mgonjwa anapaswa kukimbizwa hospitali mara moja. Akiwa njiani anaweza kurudia kidonge kila baada ya dakika tano, lakini visizidi vitatu kwa jumla. Makosa yanayoua ni kusubiri nyumbani hadi kesho yake.

Vidonge hivyo pia ni dhaifu kwa joto, mwanga na hewa. Hutakiwa kukaa katika chupa yake ya kioo cha rangi, iliyofungwa vizuri, mahali pasipozidi nyuzi joto 25. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kidonge kilichofungwa kwenye karatasi na kubebwa katika mfuko wa shati kwa wiki kadhaa huenda kisiwe na nguvu tena siku kitakapohitajika. Kwa kawaida chupa ikishafunguliwa, vilivyobaki hutupwa baada ya wiki nane. Dawa ya kupuliza chini ya ulimi hudumu zaidi.

Nitrogliserini ina ndugu zake, isosobidi dinitrati na isosobidi mononitrati, ambazo hutumika zaidi kuzuia maumivu yasianze. Mononitrati humezwa, kwani yenyewe haiharibiwi na ini kwa namna hiyo. Dawa hizi zina tabia ya ajabu, kwamba mwili huzizoea haraka. Jambo hilo lilionekana kwanza viwandani. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti waliumwa kichwa siku ya kwanza kazini, kisha maumivu yakapotea kadiri wiki ilivyosonga. Baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki, Jumatatu kichwa kiliwauma upya.

Kwa mgonjwa wa anjina maana yake ni kwamba dawa ikikaa kwenye damu saa 24 kila siku, itaacha kufanya kazi. Ndiyo maana mononitrati ya kawaida mara nyingi huandikwa asubuhi na kisha alasiri, takriban saa saba baadaye, ili usiku upite bila dawa. Mgonjwa anayehamishia dozi ya pili usiku kwa nia njema ya kugawa siku sawasawa anaiharibu dawa yake mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi ya kundi hili haisemwi waziwazi kwa sababu ya aibu. Sildenafili, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Viagra, ilianza kufanyiwa utafiti nchini Uingereza na kampuni ya Pfizer kama dawa ya anjina. Haikufaa sana kwa moyo, lakini wanaume waliojitolea kwa majaribio waliripoti athari nyingine, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa tatizo la nguvu za kiume.

Sildenafili na nitrogliserini zinakutana katika njia moja. Nitrogliserini huamuru mshipa ulegee, nayo sildenafili huzuia amri hiyo isifutwe. Zikikutana mwilini, mishipa hulegea kupita kiasi, shinikizo la damu huporomoka na mgonjwa anaweza kufa. Mtu aliyetumia sildenafili hapaswi kupewa nitrogliserini kabla ya saa 24 kupita, na aliyetumia tadalafili asubiri angalau saa 48. Anayetumia isosobidi kila siku hapaswi kuzigusa kabisa.

Tatizo ni kwamba si kila anayetumia dawa hizo anajua kuwa anazitumia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikitoa tahadhari kuhusu bidhaa za "asili" za nguvu za kiume ambazo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili au tadalafili. Mwaka 2022 ilizionya kampuni kadhaa zilizouza asali za aina hiyo. Mzee mwenye anjina anayelamba asali ya namna hiyo usiku na kuweka kidonge chini ya ulimi alfajiri hana habari na kilichomo tumboni mwake. Daktari anayeuliza swali hilo mbele ya mke au watoto wa mgonjwa asitarajie jibu la kweli.

Kundi la pili ni dawa za kuzuia beta, zikiwamo atenololi, bisoprololi, metoprololi na propranololi. Zilitokana na fikra za mwanasayansi wa Scotland, James Black, aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Wakati wengine wakitafuta namna ya kuupelekea moyo damu zaidi, yeye mwishoni mwa miaka ya 1950 alijiuliza kwa nini wasiufanye utake kidogo.

Mtu anapokimbia, kuogopa au kukasirika, mwili humwaga adrenalini, nayo huushika moyo katika sehemu maalumu ziitwazo vipokezi vya beta na kuuamuru upige haraka na kwa nguvu. Dawa hizi huvikalia vipokezi hivyo, adrenalini ikakosa mahali pa kushika. Moyo hutulia, na kwa kawaida daktari hulenga mapigo 55 hadi 60 kwa dakika mgonjwa akiwa amepumzika.

Faida yake ni mbili. Moyo unaopiga polepole hutumia oksijeni kidogo. Vile vile, upande wa kushoto wa moyo hupata damu yake hasa pale unapolegea baina ya pigo na pigo, kwa kuwa unapojikaza huibana mishipa yake wenyewe. Mapigo yakipungua, muda wa kulegea hurefuka, na moyo hupata nafasi ya kula.

Dawa hizo hazimfai kila mtu. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, hasa na propranololi, na mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kukosa ile dalili ya moyo kwenda mbio inayomtahadharisha kuwa sukari imeshuka. Wapo wanaolalamikia uchovu, mikono baridi na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa.

Lakini kosa baya zaidi ni kuziacha ghafla. Mwili uliozuiwa adrenalini kwa muda mrefu huongeza vipokezi, na siku dawa inapokatika adrenalini huvikuta vingi na vitupu. Maumivu hurudi kwa kishindo, na shambulio la moyo linaweza kufuata. Mtu anayesafiri kwenda kijijini kwa msiba wa wiki mbili akasahau dawa zake mjini yumo katika hatari hiyo. Dawa hizi hupunguzwa polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Kundi la tatu huzuia madini ya kalsiamu kuingia katika chembe za misuli ya mishipa na ya moyo. Bila kalsiamu msuli haukazi. Amlodipini hulegeza zaidi mishipa, na wengi huijua kama dawa ya presha, huku verapamili na diltiazemu zikipunguza pia kasi ya moyo. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na verapamili husababisha kufunga choo. Verapamili ikichanganywa na dawa ya kuzuia beta, moyo unaweza kupungua kasi hadi kukaribia kusimama, hivyo mgonjwa anayetibiwa hospitali mbili tofauti ana wajibu wa kuonyesha dawa zote anazotumia.

Zipo nyingine, kama ivabradini, ranolazini, nikorandili na trimetazidini, ambazo huongezwa pale makundi hayo matatu yanaposhindwa kutosha au yanapomkataa mgonjwa. Hazipatikani kila mahali.

Dawa zote zilizotajwa hadi hapa humwezesha mgonjwa kutembea, kufanya kazi na kulala. Kwa mwenye anjina iliyotulia, ambaye hajawahi kupata shambulio la moyo na ambaye moyo wake bado una nguvu, hakuna ushahidi madhubuti kwamba zinamwongezea siku za kuishi. Kazi hiyo ni ya dawa nyingine mbili, ambazo haziondoi maumivu hata kidogo.

Shambulio la moyo kwa kawaida halitokani na mafuta kujaa taratibu mpaka mshipa ukaziba. Hutokea pale ganda la mafuta hayo linapopasuka. Mwili hudhani mshipa umejeruhiwa, chembe sahani za damu hukimbilia hapo, damu inaganda na mshipa unaziba ndani ya dakika chache. Mara nyingi ganda linalopasuka si lile lililoubana mshipa kuliko yote, bali jingine dogo ambalo halikuwahi kuleta maumivu.

Aspirini kwa kiwango kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, huzizuia chembe sahani zisishikamane. Chembe iliyoguswa na aspirini hairudii hali yake hadi inapokufa, baada ya siku saba hadi kumi. Ndiyo sababu kidonge kidogo kiasi hicho kinatosha. Inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni, hivyo asiye na ugonjwa wa moyo asijianzishie kwa sababu tu jirani anaitumia.

Dawa ya pili ni statini, kama simvastatini na atorvastatini. Mwasisi wake ni Akira Endo wa Japani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichunguza maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza mafuta hayo. Ini likipungukiwa, huyavuta kutoka kwenye damu. Kadiri muda unavyokwenda, ganda la mafuta katika mishipa huwa gumu na haliwi jepesi kupasuka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwahusisha wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia waliokuwa na anjina au waliokwisha kupata shambulio la moyo. Katika muda wa takriban miaka mitano na nusu, walifariki 256 kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, na 182 kati ya waliopewa simvastatini. Hakuna aliyehisi tofauti yoyote kifuani kwa kumeza kidonge hicho, na hiyo ndiyo sababu statini huachwa mapema pesa zinapopungua.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki yapo mambo ya ziada ya kumweleza daktari. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulichochea ini kuziharibu haraka verapamili na nifedipini kiasi cha kuzifanya zisisaidie. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hasa zenye ritonaviri, hupandisha simvastatini kwenye damu hadi kuweza kuharibu misuli, na hazipaswi kutumiwa pamoja. Maji ya balungi nayo huongeza simvastatini mwilini. Anayetumia statini akapata maumivu makali ya misuli na mkojo wa rangi nyeusi aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zikishindwa, ipo njia ya kupanua mshipa kwa puto na kuweka kichuma cha kuushikilia, au upasuaji wa kupandikiza mshipa mwingine. Huduma ya kuzibua mishipa hutolewa nchini Tanzania, ikiwamo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa kwa wengi wenye ugonjwa uliotulia, kuwahi kuzibua mishipa kulipunguza maumivu lakini hakukupunguza vifo ikilinganishwa na kuanza na dawa peke yake. Wenye mshipa mkuu wa kushoto uliosinyaa hawakuhusishwa, na kwao hali ni tofauti.

Aliyewekewa kichuma hatoki hospitali akiwa ameachana na vidonge. Huongezewa klopidogreli pamoja na aspirini, kwa kawaida kwa miezi sita au zaidi, kwa kuwa damu inaweza kuganda juu ya kichuma hicho kabla utando wa mshipa haujakifunika. Mtu huyo akitaka hata kung'oa jino, asiache dawa hizo kwa ushauri wa mtu mwingine kabla ya kuzungumza na daktari wake wa moyo.